Mstari Uliofutwa

Kila akitoka shule, Kidoti humkuta mama yake chumba cha mbele akidarizi nembo za sare. Siku hiyo cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameshika tama mbele ya kompyuta kuukuu inayoiongoza cherehani hiyo. Kwenye kioo yalisomeka maneno yaleyale: kumbukumbu haitoshi.

"Nimechoka, mwanangu," mama alisema. "Tangu asubuhi ndiyo wimbo wake. Nembo zinatakiwa kesho, na fundi ameniuzia kumbukumbu mbovu. Mtaa mzima utamjua!"

Kidoti akameza mate. Jana, mama alipokwenda sokoni, mchezo wake wa magari ulikataa kufunguka. Alifuta mstari mmoja katika faili la kuwashia kompyuta, kama rafiki yake alivyomfundisha. Akacheza weee, kisha akasahau kuurudisha.

Fundi alifika jasho likimtiririka. Mama hakumkaribisha hata kiti.

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Dada, mimi na wizi wapi na wapi?" fundi alijibu kwa unyonge. "Labda kadi ya kumbukumbu imekufa. Nitaipeleka mashine karakana, uje keshokutwa."

Mama aliposikia keshokutwa, akaketi. Fundi akaanza kulegeza skrubu. Kidoti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mjomba, usiifungue! Nilifuta mstari. Nilitaka kucheza."

Fundi akaweka bisibisi chini, akatazama lile faili, akaguna.

"Kumbe! Kumbukumbu niliyoongeza ni nzima, ila programu hii ya zamani haiwezi kuifikia ilivyo. Mstari ule ndio huigeuza iwe ya aina inayoijua. Bila huo, programu inalia njaa na chakula kimejaa stoo."

Akauandika upya, akaizima kompyuta na kuiwasha. Nembo ikafunguka, na cherehani ikaanza kunguruma.

"Nisamehe, kaka," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuvunjia heshima bure."

"Yamekwisha, dada. Leo sote tumechoka."

Kidoti akachukua mkasi, akaanza kupunguza nyuzi bila kutumwa. Mama akamgeukia.

"Umemsikia mjomba wako? Kumbukumbu ilikuwemo ndani kutwa nzima, isinifae kitu. Na wewe ulikuwa na ukweli kifuani, ukamwacha mwenzio atukanwe. Ukweli usiosemwa haumwokoi mtu, mwanangu. Siku nyingine useme mapema."