Kikohozi cha Kifungo

Kila siku akitoka shule, Chapchap alibadilisha sare nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akala akiwa amesimama, kisha akashika ufagio. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa sababu hakuwahi kufanya jambo polepole hata siku moja. Duka la ushonaji la mama yake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na pembeni meza ya pasi. Hapo mjomba alinyoosha nguo huku akimtania kila aliyeingia.

Chini ya meza ya kukatia alilala Kifungo, mbwa wa aina ile ndogo isiyokua, ambaye ungeweza kumbeba kwenye kikapu. Mteja mmoja aliyehama ndiye aliyemwachia Chapchap. Macho yake yalikuwa meusi na ya mviringo, ndiyo maana wakamwita hivyo. Siku alipong'ata pindo la gauni la bi harusi, mama alikata kipande cha utepe wa satini, akamfunga shingoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza. Wateja walisema amependeza. Kifungo hakujali mapambo. Kila mtu alipoingia alitoka mbio kwenda kumsalimia, akafika mwisho wa utepe, akaanza kukohoa kikohozi kikavu kama honi ya baiskeli iliyochoka.

"Ni vumbi la vitambaa hilo," mama alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umefagia chini ya meza?"

"Nimefagia, mama."

"Fagia tena. Huyu hakohoi bure."

Chapchap alifagia tena. Alipiga magoti akaokota vinyuzi kwa vidole, akapangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, akakung'uta hata pazia. Mteja mwingine akaingia, na Kifungo akakohoa vilevile. Mama akamtazama binti yake kwa jicho lile linalosema yote. Chapchap alitamani kuutupa ufagio barabarani.

"Labda ufagio wenyewe ndio mgonjwa," mjomba alisema, akimtupia Kifungo kipande cha andazi. Alifanya hivyo kila alipokula, na alikula mara nyingi.

Siku hiyohiyo alikuja mteja mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni, amefuata sketi yake. Alipomsikia Kifungo alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Fundi, huyo mbwa ana kifua," alisema. "Mimi na mtoto wangu hatuingii humo. Niletee sketi hapa nje."

Mama alimpelekea sketi nje, akaomba radhi, akarudi ndani amenuna. "Basi, nimechoka," alimwambia Chapchap. "Yule muuza vyakula vya mifugo wa mtaa wa pili anamtaka. Jumamosi ikifika bado anakohoa, nampelekea. Siwezi kufukuza wateja kwa sababu ya mbwa."

Kubishana na mama kulikuwa kazi bure, na Chapchap alilijua hilo. Alifikiri, lakini kwa haraka, kama kawaida yake. Kama tatizo ni vumbi, dawa yake ni hewa safi. Alimhamishia Kifungo karibu na mlango, akamfunga kwenye mguu wa benchi la wateja. Ikawa balaa. Sasa Kifungo aliwaona wapita njia wote, akataka kumsalimia kila mmoja, akakohoa kutwa nzima. Mjomba alisema dukani kwao sasa kuna honi bila gari. Chapchap hakucheka. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na alichojiambia mwenyewe, na mambo yalizidi kuharibika.

Ijumaa alipotoka shule, mama alikuwa amekwenda kununua uzi, na mjomba alikuwa nje akiwasha mkaa wa pasi. Juu ya rafu ilisimama chupa ya dawa ya kikohozi ya mdogo wake. Chapchap aliitazama. Kikohozi ni kikohozi, alijiambia. Alijaza kijiko cha chai, akamfungua Kifungo mdomo, akammwagia. Akaongeza cha pili, maana kesho ilikuwa Jumamosi. Kisha akairudisha chupa mahali pake, akaugeuza upande wenye maandishi ukutani.

Kifungo alinyamaza. Wateja wawili waliingia na hakukohoa hata kidogo. Chapchap alifurahi mpaka akafagia bila kuambiwa. Mama aliporudi alishangaa, akainama kumpapasa mbwa, na hapo akaona kwamba hakuwa ametulia tu. Mate yalikuwa yakimtoka, na alipojaribu kusimama, miguu ya nyuma iliishiwa nguvu akaanguka.

"Kikohozi kimempanda mpaka kichwani," mama alisema. "Kaka, acha pasi. Twende kwa daktari."

Kliniki ya mifugo haikuwa mbali. Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mitulivu na maneno machache. Alipokea shikamoo ya Chapchap, akamlaza Kifungo kwenye meza ya bati, akamsikiliza kifua, akamwangalia macho na ufizi.

"Amekula nini leo?"

"Chakula chake cha kila siku," mama alijibu. "Ila ana kikohozi cha muda mrefu."

"Hamna kitu kingine alichokula? Dawa, sumu ya panya, chochote?"

"Hamna," mama alisema, na alisema kwa moyo wake wote.

Daktari aligeuka kufungua kabati. "Basi inawezekana mapafu yamevimba. Nitamchoma sindano ya mapafu kwanza."

Chapchap alisogea karibu na meza. Akisema, mama atajua, na Kifungo ataondoka kesho bila mjadala. Asiposema, daktari atatibu ugonjwa usiokuwepo. Aliutazama ulimi wa Kifungo uliokuwa ukining'inia nje, na sindano iliyokuwa ikijazwa dawa.

"Nimempa dawa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Daktari, nimempa dawa ya kikohozi ya mdogo wangu. Vijiko viwili."

Mama aligeuka. Daktari hakugomba. Aliweka sindano chini na kuuliza ni saa ngapi, na ni dawa gani. Mjomba alitoka mbio kwenda kuleta chupa, akarudi anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Daktari aliisoma, akaisoma tena.

"Una bahati," alimwambia Chapchap. "Hii imemlewesha tu. Zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo zingemuua kabla hamjafika hapa. Mdogo wako ana mwili mara nne ya huyu, na bado yeye hapewi vijiko viwili. Dawa ya mtu haipewi mbwa, hata kama ugonjwa unafanana."

Alimwekea maji ya mshipa, wakangoja kwenye benchi la korido. Mama alikuwa amekunja mikono. Jua lilipoanza kupungua, Kifungo aliinua kichwa akatikisa mkia, na Chapchap akalia waziwazi, hakujali nani anamwona.

Daktari alimkagua upya, safari hii taratibu. Alipobonyeza kidogo tu kwenye koo, Kifungo alikohoa kikohozi kilekile. "Hukohoa wakati gani?" aliuliza.

Mama alifungua mdomo kusema vumbi, akamtazama binti yake, akamwachia yeye ajibu.

"Akiona watu," Chapchap alisema polepole. "Akiwakimbilia na utepe ukimvuta."

"Mbwa wadogo kama huyu wengi wana bomba la hewa laini," daktari alisema. "Ukimvuta shingoni linabonyea, naye anakohoa. Msimfunge shingo tena. Tafuteni mkanda unaozunguka kifua. Halafu amenenepa mno, na unene unambana pumzi. Nani anamlisha ovyo?"

Mjomba alijifanya anasoma bango la chanjo ukutani.

"Asipande wala kuruka kutoka juu ya meza, magoti ya aina hii huteguka upesi. Na meno yake yananuka. Yasugueni kwa mswaki laini, bila dawa ya meno ya watu. Kikohozi hakitaisha kesho, lakini kitapungua."

Usiku huo mama hakushona gauni la mtu. Alishona mkanda wa kifua wa kitambaa cha pamba, mpana, wenye bitana laini, akampimia Kifungo kama anavyompimia mteja. Jumamosi ilifika na hakuna aliyepelekwa mtaa wa pili. Wiki zilizofuata, kikohozi kilipungua mpaka kikawa cha siku mojamoja, na yule mteja mwenye mtoto mchanga akaingia ndani mwenyewe.

Lakini Jumamosi ile mama alimwita Chapchap akae karibu na cherehani.

"Utepe niliufunga mimi," alisema. "Nikakufagisha wiki nzima kwa kosa langu. Ukiwa umefagia nami nikakuambia hujafagia, usinyamaze ukaenda kutafuta dawa kwa siri. Niambie mpaka nisikie."

"Nisamehe, mama. Kwa ile dawa."

"Dawa ulimpa kwa kumpenda, ila kwa pupa. Kilichonitisha ni pale daktari alipouliza, ukakaa kimya." Mama alikata uzi kwa meno. "Mbwa hawezi kusema alichomeza. Mimi sikukijua. Pale mezani, mwanangu, Kifungo alikuwa na mdomo mmoja tu wa kumwokoa, na huo ulikuwa wako."