Namba Nyekundu Milangoni

Kila nikitoka shule, kazi yangu ni kukaa barazani na baba nikimshikia viatu anavyovishona. Baba ni fundi viatu. Zamani alikuwa na kibanda chake sokoni, chenye bati jipya na benchi la wateja. Mwaka jana watu wa ofisi ya mji walikuja wakakichora alama nyekundu. Baba alipouliza ni ya nini, wakamwambia asiwe na wasiwasi, wanahesabu vibanda tu. Siku ya nne tingatinga likakipondaponda, ngozi na gundi zikiwa bado ndani. Tangu hapo mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni akifungua mdomo, baba anatema mate pembeni. Simlaumu. Hata leo nikikumbuka lile tingatinga, damu inanichemka.

Basi Jumatatu moja walikuja vijana wawili na kopo la rangi, nyekundu ileile, wakaandika namba kwenye kila mlango wa kichochoro chetu. Sisi tukapewa arobaini na saba. Baba aliwauliza namba ni za nini. Mmoja akajibu bila hata kugeuka, "Mtajulishwa." Mtu mzima anapakiwa rangi mlangoni kwake, halafu anaambiwa atajulishwa, kana kwamba nyumba ni ya wapaka rangi. Neno hilo ndilo lililotuponza.

Jioni hiyo kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na habari. Eti mteja wake kamwambia namba zile ni za nyumba zilizopigia kura upinzani, na kabla ya uchaguzi ujao zote zitabomolewa. Mama alicheka. Alisema hata bibi kizee wa kona kapewa namba, na yule hajapiga kura tangu macho yalipomwishia. Baba hakucheka. Alisema na kibanda pia waliambiwa ni kuhesabu tu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kesho yake bombani, wasichana wenzangu walikuwa wakibishana kuhusu namba, na mimi nikaona hakuna anayenisikiliza. Nikasema ofisini kuna orodha ya watakaofukuzwa, na nimeiona kwa macho yangu nilipompelekea karani viatu vyake. Uongo mtupu. Huyo karani simjui. Lakini wote walinyamaza wakanitazama, na utamu wa kusikilizwa ukanilevya.

Jumatano mama muuza mkaa alifika barazani anahema. Alimwambia baba kuna mtu ameiona orodha, na jina la baba ni la tatu. Uongo wangu ulikuwa umerudi nyumbani, tena umenenepa. Baba akapiga nyundo mezani.

"Si nilisema? Mkanicheka."

Uso wake uling'aa. Tangu kibanda kivunjwe, watu walikuwa wakimwonea huruma tu. Siku hiyo walimwona ana akili. Nikameza maneno yangu. Alasiri kichochoro kizima kilisugua milango kwa mchanga na mafuta ya taa, baba mbele, mimi namshikia ndoo.

Alhamisi wahudumu wa afya walipita na dawa ya kutibu maji. Kwetu hawakukuta namba hata moja, na kila walipobisha hodi walifungiwa mlango. Wakaenda zao.

Ijumaa mdogo wangu wa miaka mitatu, tunayemwita Bosi kwa jinsi anavyotuamrisha, aliamka anaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Kufika saa sita macho yalikuwa yamezama, na hakumwamrisha mtu. Mama akamfunga kwenye shuka ampeleke zahanati. Baba akasimama mlangoni. Alisema hakuna anayetoka. Jina letu limo kwenye orodha, wanangoja tu tutawanyike waje waivunje nyumba. Mama alilia. Bosi hakulia, machozi hakuwa nayo.

"Baba, hakuna orodha," nilisema. "Niliitunga mimi bombani. Ofisini sijawahi kufika."

Nilingoja kofi. Baba alinitazama, akamnyakua Bosi, akakimbia naye peku, fundi viatu mzima.

Muuguzi wa zahanati alimtundikia Bosi dripu, ndipo akatugeukia. Alitugombeza sana. Kipindupindu kimeingia mitaani, namba zilikuwa za kugawia dawa ya maji, nasi tumezifuta kwa mikono yetu. Baba alimwacha amalize, kisha naye akalipuka.

"Kwa nini hamkusema? Rangi ileile iliyonivunjia kibanda mnaipaka mlangoni kwangu, mnaniambia nitajulishwa. Mlitaka nifikiri nini?"

Muuguzi akakiri kwamba hapo hawana la kujitetea, na kwamba kesho atakuja mwenyewe.

Saa kumi Bosi alifumbua macho akadai chai. Baba akanituma nyumba hadi nyumba nikaufute uongo wangu. Mama muuza mkaa alinishika mkono akaniuliza ni nani amenitisha. Nilirudia mara tatu kwamba orodha haipo. Akasema basi wameificha. Nililia kwa hasira. Maneno nimeyatoa mimi, na sasa hayanitii.

Jumamosi muuguzi alisimama kichochoroni juani, akajibu maswali hadi yakaisha, ya kijinga yakiwemo. Baba aliuliza kama nyumba zetu zitavunjwa siku moja. Muuguzi alisema mambo ya ofisi ya mji hayajui na hatamdanganya. Ajabu, ni baada ya jibu hilo ndipo mama muuza mkaa aliponyoosha mkono kupokea dawa, na wengine wakafuata.

Baadaye baba aliniita. Hasira ilikuwa bado kwenye sauti yake.

"Mimi nilidhulumiwa, na hakuna aliyenieleza kitu. Hilo ni kweli. Lakini kuumia si kujua. Nilikuwa na swali, nikaligeuza jibu, na wewe ukaniletea ushahidi niliokuwa nautamani. Habari ikikufurahisha kwa sababu inakupa haki, hiyo ndiyo uiulize mara mbili kabla hujaipokea, na mara tatu kabla hujaipeleka kwa mwenzio. Jana, binti yangu, nilikuwa nimeshinda ubishi wote wa kichochoro hiki, na mtoto wangu anakauka mbele ya macho yangu."