Usitaje Unakoenda

Jioni ya Alhamisi Jalal aliteremka kutoka Milimani kwenda Kiamunyi kununua baiskeli, na kabla hajaiona alikuwa ameshaidharau.

Hilo lisikushangaze. Jalal alidharau kila kitu ambacho hakikuwa chake. Wiki nzima alikuwa amezunguka maduka ya Nakuru akitafuta baiskeli ya kumfaa likizo ya Pwani: kutoka Likoni kwenda kusini, kwa njia za ndani za mashambani, mpaka Vanga. Ya matairi membamba aliiita sindano, akasema ingezama mchangani. Ya gia nyingi akaiita pambo, akasema chumvi ingeila kwa wiki moja. Wenye maduka aliwaita majina ambayo mimi sitayarudia.

Na yote hayo kwa sababu ya ajuza mmoja. Huko Vanga ndiko alikokuwa mchumba wake, Sundus, nyumbani kwa nyanya yake, Bi Ruqaiya. Bila ridhaa ya Bi Ruqaiya hapakuwa na ndoa. Basi Jalal alitaka kufika mlangoni kwake akiwa juu ya baiskeli, jasho likimtiririka, aonekane mwanamume. Mwanamume gani, Mungu ndiye ajuaye.

Baiskeli ya Kiamunyi aliiona kwenye tangazo la simu. Chuma kizito, matairi mapana, na keria imara, ile ya kubebea abiria nyuma. Muuzaji alikuwa mjane anayeitwa Jepkorir. Alisimama mbali na baiskeli, kama mtu aliyeachiwa mbwa wa jirani.

"Hii ilikuwa ya nani, mathe?"

"Ya mzee wangu, Kipyegon. Alikuwa anabeba watu hapo stage."

"Na mbona keria iko na maji? Mvua haijanyesha."

Jepkorir alishusha sauti. "Boss, nipe tu chenye uko nacho, uende nayo. Lakini kitu moja. Ukiwa juu yake, usitaje mahali unaenda. Shuka kwanza, ndio useme."

"Kwani nikisema?"

"Jioni moja mzee alibeba mama fulani. Akamuuliza, unaenda wapi? Mama akasema, Pwani. Mzee akadhani ni mchezo. Akamwambia, panda, nitakufikisha." Mjane aliitazama keria, kisha akaangalia kando. "Hakushuka. Mzee alikonda, akakonda... mpaka akaisha. Sasa huyo mama husikiliza tu. Anangoja mtu wa kwenda huko."

Jalal alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mathe, hizo ni story za watu hawana kazi."

Akamlipa, akapanda, akaondoka bila kuaga. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini umwambie nani? Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima na upepo wa Menengai ulishaanza kuuma. Baiskeli iliteleza vizuri ajabu. Jalal alifurahi, na furaha yake siku zote ilihitaji mtu wa kuringiwa. Akaweka vidude vya simu masikioni, akampigia Sundus.

"Nimepata baiskeli."

"Mashallah. Utapitia wapi sasa?"

"Likoni, Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga, mpaka Vanga. Nitashukia mlangoni kwa nyanyako."

"Sema inshallah, Jalal."

"Inshallah ni ya wasiojua barabara," akasema, akakata simu.

Krii...

Keria ililia.

Baiskeli ikawa nzito. Gurudumu la mbele likainuka kidogo, kama vile inavyokuwa mtu mzima anapokaa nyuma. Jalal hakugeuka. Alijiambia ni kilima, na kweli palikuwa na kilima, lakini kilikuwa kikiteremka.

Kisha ikaja harufu. Si ile ya magadi ya ziwa la Nakuru anayoijua kila mtu wa mji ule. Hii ilikuwa ya mwani, chumvi, na udi uliolowa maji.

Mkono ukamshika kiunoni.

Baridi. Umelowa.

"Vanga ndipo hapo hapo, mwanangu," sauti ikanong'ona shingoni. "Mlangoni."

Jalal aliiacha baiskeli ikaanguka mtaroni, akakimbia kilima chote cha Milimani, viatu vikimtoka njiani, yeye aliyezoea kuwacheka wanaokimbia. Alipofika nyumbani, baiskeli ilikuwa imeegemea geti.

Hakuwa na la kufanya. Aliisukuma mpaka stoo, akaitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Akajaribu kusoma Ayatul Kursi, akaishia katikati. Alikuwa ameidharau miaka mingi, nayo ilikuwa imemtoka.

Kabla ya adhana ya isha, Sundus akapiga.

"Jalal, nyanya anasema usije."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anafagia ukumbi. Akasimama ghafla, ufagio ukamtoka mkononi. Anauliza, ni nani amemwonyesha yule mwanamke mlango? Anasema wazee walimtoa hapa zamani, wakampeleka bara, asikojua njia ya kurudi."

"Mwanamke gani?"

"Hataki kumtaja."

Kwa mara ya kwanza maishani Jalal hakubisha. "Siji," akasema. "Mwambie sitoki Milimani."

Na kweli hakutoka. Siku tatu alikaa kwenye kochi, milango imefungwa. Hakupanda hata ngazi. Lakini kila jioni mapaja yalimuuma, pumzi ikamwishia, na suruali ikawa inamshuka kiunoni. Alisema ni hofu. Hofu, alijifariji, haijawahi kuua mtu.

Jioni ya tatu, magharibi, Sundus akapiga tena. Alikuwa analia.

"Jalal, si ulisema huji?"

"Siji. Niko nyumbani, nimekaa."

"Usinidanganye. Simu yako inanionyesha mahali ulipo. Juzi ulikuwa Gilgil. Jana Naivasha. Saa hii uko Longonot..." Akavuta kamasi. "Na unasonga. Nyanya amefunga milango yote. Anasema hata ukija na mfalme, hakufungulii, na mimi nikusahau."

Jalal alishika ufunguo shingoni. Ulikuwepo. Alitega sikio upande wa stoo. Kimya. Alitaka kumwambia Sundus kwamba amekaa, kwamba hajainuka hata mara moja, aape kwa jina la Mungu.

Lakini harufu ya mwani ilikuwa imejaa sebuleni.

Krii...

Akainama kuangalia chini. Juu ya zulia, taratibu, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, miguu yake ilikuwa inazunguka.