Mama Hatakula Stoo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Satwant Kaur alikanda unga wa chapati, akachemsha chai ya maziwa, kisha akampelekea baba yake kikombe karakanani. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba yao, Chang'ombe, na mlio wa msumeno ulianza hata kabla magari hayajaamka barabarani. Baba yake, Fundi Gurdial Singh, alitengeneza madawati. Ulikuwa mwaka 1969, shule mpya zilikuwa zikifunguliwa kila upande, na watoto walikuwa wengi kuliko mahali pa kukaa.

Kikombe cha pili alikipeleka chumba cha nyuma. Huko alilala mama yake, ambaye Satwant alimwita Biji, kama watoto wengi wa Kipunjabi wanavyowaita mama zao.

"Biji, chai."

Biji hakugeuka. Alikuwa akitazama ukuta. Chai ya jana ilikuwa bado pale pale kwenye stuli, imefanya utando juu.

Zamani hakuwa hivyo. Biji alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wanauliza kuna nini. Alikijua Kiswahili kuliko hata mumewe, na alipofika sokoni Temeke wauza mboga walimpigia kelele, "Mama Singa, njoo huku!" Kisha wakati wa masika alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto yule aliishi siku tisa. Biji alilia sana, halafu akaacha kulia, na kule kuacha kulia kukawa kubaya zaidi. Hakula, hakuoga mpaka abembelezwe, hakuchana nywele zake ndefu. Mara ya mwisho alipokwenda ibadani, alipiga ukelele katikati ya nyimbo. Shangazi Pritam alimtoa nje haraka huku akimfunika uso kwa mtandio.

Shangazi Pritam, dada yake baba, alikuwa amehamia kwao ili kusaidia. Hakuwa mtu mbaya. Alifua, alipika, alifagia mpaka uani. Lakini aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa nyoka.

"Mtu akikuuliza, sema mama ana malaria," alimwambia Satwant. "Wakijua akili yake imeyumba, nani atataka kukuoa wewe? Nani atakuja hapa kuagiza hata kiti?"

Basi Satwant alisema malaria. Aliwaambia majirani, akawaambia wenzake, akamwambia hata Rosalia, rafiki yake wa kukaa naye dawati moja, binti wa mchonga vinyago kutoka Newala. Kila alipolitamka neno hilo alihisi kama amemfungia mama yake mlango mwingine.

Ijumaa moja darasa lao lilikuwa shambani kwa kipindi cha kujitegemea, wakipalilia mihogo ya shule. Msichana mmoja aliyeitwa Hija alisimamisha jembe.

"Satwant, mbona mama yako haonekani siku hizi?"

"Ana malaria."

"Malaria miezi mitano?" Hija akawageukia wengine. "Dada yangu anasema ni kichaa. Eti wamemfungia ndani!"

Watoto wakacheka. Satwant alilitupa jembe lake chini. Rosalia alimshika mkono akidhani anakwenda kupigana, lakini Satwant alisimama tu katikati ya matuta.

"Si malaria," alisema kwa sauti kubwa. "Nimewadanganya. Mtoto wake alifariki, na tangu hapo anaumwa huzuni. Hajafungiwa, wala si kichaa. Sasa mmejua. Anayetaka kucheka, acheke."

Hakuna aliyecheka. Hija aliangalia vidole vya miguu yake.

Mwalimu Sadallah, aliyekuwa akisimamia kazi, aliyasikia yote. Alikuja polepole. "Jembe halitupwi," alisema. "Liokote." Satwant alipoliokota, mwalimu aliinama akanong'ona, "Mama ameonwa na nani?"

"Hajaonwa na mtu, mwalimu."

"Miezi mitano? Leo ukitoka hapa, pitia zahanati. Muulizie Nesi Kokushubila. Mwambie nimekutuma mimi."

Rosalia alimsindikiza. Nesi Kokushubila alikuwa mwanamke mrefu kutoka Bukoba, mwenye sauti nzito na mikono isiyo na haraka. Waliposema shikamoo aliitikia, akawapa benchi wakae, akamsikiliza Satwant mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nesi," Satwant aliuliza, "shangazi yangu anasema mtu mwenye imani ya kweli hawezi kuanguka namna hii. Ni kweli?"

"Mimi nasali kila Jumapili," alijibu Nesi Kokushubila, "na nimelazwa hospitali mara tatu. Imani haikunikinga na homa. Ilinipa nguvu ya kuinuka kwenda kutibiwa. Ulichonieleza ni ugonjwa, mwanangu. Huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, hata wale ambao watoto wao wako hai. Dawa ipo, na mtu wa kuzungumza naye yupo. Daktari wa maradhi haya huja hapa kila Alhamisi. Lakini wewe ni mtoto, huwezi kuubeba mzigo huu peke yako. Baba aje."

Satwant alimkuta baba yake akipiga randa ubao wa mninga. Alimweleza kila kitu, kuanzia shambani mpaka zahanati. Randa haikusimama.

"Tunamwombea asubuhi na jioni," baba alisema. "Inatosha."

Shangazi Pritam alikuwa ameyasikia kutoka mlangoni. "Umewaambia watu?" alifoka. "Shule nzima? Umetuvua nguo!"

Katika nyumba ile watoto hawakujibizana na wakubwa, na hata Satwant hakujua sauti yake ilitoka wapi.

"Shangazi, nisamehe kwa kuwa nimesema mbele yako. Lakini kwamba nilisema kweli, kwa hilo sitaomba msamaha." Akamgeukia baba. "Baba, mwaka jana msumeno ulipokukata kidole, ulisali?"

"Nilisali."

"Halafu?"

Baba alikitazama kidole chake cha shahada, chenye kovu la nyuzi saba. Randa ikasimama.

"Halafu nikaenda kushonwa," alisema kwa sauti ya chini.

Alhamisi iliyofuata hakufungua karakana. Alivaa kilemba safi, akamshika mkewe mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele, mchana, majirani wote wakiona. Shangazi Pritam alibaki ndani na mapazia yamefungwa.

Biji hakupona kwa siku moja. Dawa zilimpa usingizi mzito, na wiki ya kwanza Satwant alidhani hali imezidi kuwa mbaya. Wiki ya pili ilikuwa kama ya kwanza. Lakini kila Alhamisi walikwenda. Daktari alimuuliza Biji maswali kwa upole, na Alhamisi ya nne alimwomba amtaje mtoto wake kwa jina. Nyumbani hakuna aliyewahi kulitamka jina hilo tangu msiba. Biji alilitamka, akalia mpaka mtandio ukalowa, na waliporudi alilala fofofo mpaka asubuhi. Baada ya wiki kama sita, wakiwa wanakula, Biji aliweka kijiko chini ghafla.

"Dengu hii haina chumvi," alisema.

Satwant alikimbia mpaka karakanani. "Baba! Biji anasema dengu haina chumvi!" Na baba, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kupata mvi, alijifuta macho kwa mkono uliojaa vumbi la mbao.

Mwezi wa Novemba ulipofika, Biji alisema anataka kwenda ibadani.

Gurdwara yao, yaani nyumba ya ibada ya Masikh, au Makalasinga kama watu wa mtaani walivyowaita, ilikuwa ndogo, ya mabati, nyuma ya karakana za mbao huko Keko. Kila Jumapili baada ya ibada kilipikwa chakula kiitwacho langari. Mtu yeyote aliruhusiwa kuingia, wa dini yoyote, wa kabila lolote. Wote walivua viatu, wakafunika vichwa, wakaketi chini kwenye jamvi moja refu na kula chakula kile kile. Tajiri hakupewa kiti. Maskini hakuwekwa nyuma. Jumapili ile Rosalia naye alialikwa, akajitanda khanga kichwani.

Ibada ilipita vizuri. Biji alisali kimya, ameshika mkono wa Satwant. Lakini walipokaribia jamvi la chakula, msimamizi wa jiko, Bwana Tarlochan Singh, aliwazuia. Shangazi Pritam alikuwa kando yake, hainui macho.

"Dada," Tarlochan alimwambia Biji kwa sauti ya adabu, "tumekuandalia sahani yako kule stoo. Kuna utulivu. Leo tuna wageni, na unakumbuka yaliyotokea mara ile. Ni kwa heshima yako mwenyewe."

Stoo ilikuwa chumba cha magunia ya unga na madebe ya mafuta. Biji aliutazama mlango wake. Mabega yake yakaanza kushuka, na Satwant aliona mama yake akirudi kule kule alikotoka, hatua moja moja.

"Hapana," Satwant alisema.

"Mtoto, sizungumzi na wewe."

"Mama hatakula stoo."

Watu wa ukumbi mzima wakageuka.

"Bwana Tarlochan," Satwant aliendelea, "umetufundisha wewe mwenyewe, darasa la Jumapili. Ulisema jamvi hili ni moja ili asiwepo mkubwa wala mdogo. Ulisema mwanamke na mwanamume ni sawa hapa, mwenye duka na kibarua ni sawa. Hukutuambia kwamba mgonjwa ametolewa. Mzee aliyekatwa mguu anakaa pale. Mwenye kifua kikuu aliyepona anakaa pale. Mama yangu kakosa nini?"

"Usinifundishe dini, binti! Ama aende stoo, ama mwende nyumbani."

"Hatuendi stoo wala nyumbani. Kama jamvi halina nafasi yake, tutakaa hapa mlangoni, mimi na yeye, na hatutakula. Kila anayepita atuulize tunangoja nini, nami nitamjibu."

Akaketi sakafuni pale pale, kwenye saruji, akamvuta mama yake taratibu akae naye. Rosalia naye akawafuata. Alikaa upande wa pili wa Biji, akakunja miguu.

Kisha Fundi Gurdial aliinuka kutoka upande wa wanaume. Alibeba sahani yake ambayo hakuwa ameigusa, akavuka ukumbi wote, akaketi sakafuni mbele ya mkewe.

"Miezi mitano nilimficha mimi," alisema, na sauti yake ilifika mpaka jikoni. "Niliona aibu. Mkitaka kumhukumu mtu kwa aibu, nihukumuni mimi. Yeye hakufanya lolote ila kuumwa."

Mwanamke mmoja mzee akasimama, akaja kuketi nao. Akafuata kijana fundi magari. Wakafuata wawili, wakafuata watano, mpaka mlangoni pakawa hapapitiki na jamvi likabaki tupu. Shangazi Pritam alikuwa wa mwisho. Alikwenda upande mmoja wa jamvi, akalishika, akalivuta kwa nguvu zake zote mpaka likafika pale walipokaa, akalitandaza miguuni pa Biji.

Tarlochan Singh alibaki amesimama peke yake, kisha naye akaketi, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Ndipo Biji aliposimama. Alijitengeneza mtandio, akaingia jikoni, akatoka na kikapu cha chapati za moto. Watu walidhani amechanganyikiwa tena. Hakuwa amechanganyikiwa. Alianza kugawa, mmoja baada ya mwingine. Katika langari, chapati haiwekwi sahanini. Anayepokea hunyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama anayeomba. Biji alipofika mbele ya Tarlochan Singh alisimama, akangoja.

Tarlochan aliitazama chapati. Akamtazama mwanamke aliyeishika. Mikono yake ilipanda polepole, yote miwili.

"Nisamehe, dada," alisema.

"Kula, ndugu yangu," Biji alijibu. "Inapoa."

Baada ya chakula, Satwant na Rosalia waliosha sahani bombani nyuma ya jiko. Biji alikuja akapandisha mikono ya kanzu yake, akachukua majivu na kuanza kusugua pamoja nao.

"Satwant, leo ulimpandishia mtu mzima sauti," alisema.

"Utaniadhibu, Biji?"

"Kwa sauti, labda." Biji alisuuza sahani, akaiinamisha ichuruzike maji. "Lakini nisikilizeni, nyote wawili. Nilipokuwa chumba kile nilisikia kila kitu. Nilisikia ikisemwa malaria. Nikafikiri, kumbe ninachoumwa ni kibaya hata hakitajiki. Huzuni ile ilikuwa nzito, lakini kufichwa kulikuwa kuzito zaidi. Siku mtu wenu akiumwa moyo au akili, utajeni ugonjwa wake kwa jina lake. Mpelekeni atibiwe kama anavyopelekwa aliyevunjika mkono. Mwombeeni pia, Mungu anasikia. Na wakati wa kula, mpeni nafasi pale pale mnapokaa ninyi. Atakayewakataza, ombeni radhi kwa ukali wenu mkitaka, ila msisogee."

"Hatutasogea," Rosalia alisema.

Biji alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kimekwaruza kidogo kwa kukaa muda mrefu bila kutumika, lakini jikoni wanawake waliacha kazi wakachungulia dirishani, wakaulizana kuna nini.