Baba Hodari wa Darasa la Wajawazito

"Huyo baba atamvunja mtoto shingo," mkunga alisema, na darasa zima la wajawazito likacheka.

Fundi bomba alikuwa amemning'iniza mwanasesere wa mazoezi kwa mguu mmoja. Mkewe, mwenye mimba ya mapacha, alificha uso kwa kiganja.

"Na hao mapacha utawashikaje?" mtu aliuliza.

"Mmoja kila mkono. Nipe tena, mkunga. Nitazoea."

Zamu ikawa ya kinyozi. Mkewe mshonaji, mimba ya miezi minane, alimtazama kwa fahari. Kinyozi alivua saa, akasugua viganja mpaka vikapata joto, akamshika mwanasesere nyuma ya shingo, akamfunga nepi bila kubabaika. Kisha, bila kuambiwa, akamlaza begani na kumpigapiga mgongo acheue.

"Huyu amelea," mkunga alisema.

"Watoto wa dada yangu."

Mshonaji alitabasamu na wenzake. Lakini mumewe hakuwa na dada. Alizaliwa peke yake.

Kabla ya mapumziko, mkunga alimwambia kila mjamzito amtafute mtu wa kukaa naye siku ya uchungu na wiki za kwanza nyumbani.

"Simtaki wa kupiga picha," alisema. "Namtaka wa kubaki."

Mshonaji hakuwa na mama wala ndugu. Alikuwa na mtu mmoja tu, mumewe, akamvuta pembeni kwenye korido.

"Dada yupi?"

"Usianze."

"Nauliza tu, mume wangu. Dada yupi?"

Kinyozi alitazama ukutani. "Nina mtoto. Wa kike. Ana miaka minne sasa, nadhani."

"Unadhani?"

"Niliondoka akiwa na wiki sita."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia."

Mshonaji aliweka mkono tumboni.

"Na huyu wangu akilia?"

"Mtajua wenyewe. Siku ya kujifungua nitakuwepo, si ndiyo unayotaka?"

"Siku hiyo kila mtu anakuwepo. Mimi naulizia wiki ya sita."

"Hapo sasa unanichosha," alisema, akaenda zake.

Mke wa fundi bomba alimkuta mshonaji kwenye benchi. Alimsogezea chupa yake ya maji. Fundi bomba akapiga goti akawafunga wote wawili kamba za viatu, maana hakuna kati yao aliyeweza kuinama.

Namba ya simu ya mama wa yule binti mshonaji aliipata kwa mtu anayefanya kazi na mumewe saluni. Akaandika: "Mimi ni mke wa baba wa binti yako. Sikujua kama mpo."

Jibu likaja: "Mimi nilijua. Nilikuona umepita mbele ya duka langu na tumbo lako, nikafurahi. Nikasema sasa ni zamu yake kuachwa."

Mshonaji alisoma mara tatu. Simu ikatetema tena.

"Nilikosea, na imeniuma tangu siku hiyo. Una mtu wa kukaa nawe?"

"Sina."

"Basi unaye."

Wiki tatu baadaye mshonaji alijifungua mtoto wa kiume hospitalini. Mwenye duka, mama wa yule binti, alikaa naye saa kumi na nne, akimkanda mgongo na kumpangusa jasho. Asubuhi jirani wa mwenye duka alimleta yule binti wa miaka minne aje kumwona mtoto.

Mchana kinyozi akaja, nguo zimepigwa pasi, simu mkononi. Aliwaona wote, hakusalimia mtu. Alinyoosha mikono tu.

Mshonaji akampa mtoto. Alimshika vizuri hasa, na mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

Binti alimtazama kutoka kwenye kiti.

"Mjomba, unajua kushika mtoto," alisema. "Nani alikufundisha?"

Mwenye duka, pamoja na yote aliyotendewa, aliinamisha macho ili ampe nafasi ya kusema ukweli.

"Nina wateja," kinyozi alisema.

Akamrudisha mtoto, akatoka, na mtoto akaanza kulia upya.

Binti alibaki anautazama mlango. Mshonaji alijisogeza kitandani kwa shida, akampisha apande, akamsaidia kuweka kiganja chake kidogo nyuma ya shingo ya mtoto.

"Ni wewe, mama," alimwambia binti. "Wewe ndiye uliyemfundisha."