Wagonjwa Mia na Arobaini wa Daktari Lionel

Haki ya Mungu, hii yote ni kweli tupu. Anayebisha ashuke bandari ya Baraka, huku Kongo, akaulize.

Mwaka wa vita wa 1999, sokoni, daktari Lionel alikanyaga beseni la ndagala, vile visamaki vya ziwani, la Émilienne, karani wa hospitali yake, aliyevaa kitenge cha manjano kilichombana kiunoni.

"We Docteur, macho umeacha wapi?"

"Kwenye hicho kitenge, mama."

Mwezi haukuisha, walikuwa wapenzi.

Kisha ikaja barua ya baraza la nidhamu la madaktari. Daftari la hospitali lilionyesha wagonjwa mia na arobaini kwa siku moja, binadamu hawezi, basi Lionel amebuni wagonjwa, na asitibu tena. Lionel aliujua mwandiko wa daftari: wa Émilienne. Akapanda mtumbwi wa mota hadi mji wa Uvira, kuomba mahakama ifute uamuzi ule. Hakuaga.

Émilienne alimwita kwa fonia, ile redio inayosikiwa pwani nzima ya ziwa, ambayo kila asemaye humaliza kwa "À vous", zamu yako.

"Chéri, uko unanisikia? À vous."

"Sababu gani uliandika bale bantu bote? À vous."

Hewani asingeweza kueleza. Askari wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, hawakumpitisha mtu asiye na karatasi ya hospitali. Kila mgonjwa alikuja na shangazi, wajomba na majirani. Émilienne aliwaandika wote, akawapa karatasi wakimbie vita. Na askari nao walikuwa na fonia.

"Chéri, mi niko nakupenda. À vous."

"Hilo si jibu." Akazima.

Basi Émilienne akajiandikia karatasi ya malaria, akapita bariyeri, akamnong'oneza Lionel ukweli mlangoni pa mahakama. Lionel akamshika mkono, wakaingia.

Ndani, Émilienne alisimama aseme. Lionel akamvuta kitenge. "Kaa, chérie! Askari wako nyuma. Bataua bale bantu."

Jaji hakumwona Émilienne. "Mahakama haihesabu wagonjwa. Baraza lilimwita daktari ajieleze?"

"Hapana," akakiri mjumbe wa baraza.

"Uamuzi umefutwa. Arudi kazini. Baraza limwite, limsikilize kabla ya kuamua upya."

Nje, Lionel hakufurahi. "Bataniita, na mi nitanyamaza tena." Hata hivyo akapiga magoti kwenye matope, akaomba ndoa.

Wakaoana. Wito wa baraza haujafika, na hadi leo mtumbwi wa Uvira ukitia nanga, hushikana mikono kwa hofu.

"Papa!" Émilienne, binti yangu, anasoma juu ya bega langu. "Nani alipiga magoti? Muongo we! Ni mi nilimuomba, na yeye akataka siku mbili ya kufikiri!"

Nimempa jogoo wangu, faini ya uongo. Anamchinja sasa hivi.