Doa la Bizari

Kila jioni Mwalimu Rispah alipika ugali wa mtu mmoja. Alikuwa amepanga chumba Mkongani, mbali na kwao, na bado alikuwa hajazoeana na watu. Hata darasani alikuwa mpweke. Aliandika habari za asidi na besi ubaoni, wanafunzi wakanakili, basi. Akiuliza swali, wote waliinamia madaftari.

Kidato cha pili kilikaribia kuchagua masomo. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba wasipopatikana wanafunzi wa kutosha, kemia itafungwa naye atahamishwa. Rispah alilia peke yake. Angemwambia nani?

Jumamosi alikuwa uani akifua leso iliyomwagikiwa mchuzi wa samaki. Alipopaka sabuni, doa la njano likawa jekundu. Akaongeza sabuni, akasugua kwa hasira. Wekundu ukazidi.

Jirani yake Mwanatumu, anayefundisha kemia Tiwi na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alimwona. Akaleta ndimu, akaikamulia juu ya doa. Likarudi njano. Rispah akajikuta akimsimulia jinsi anavyofundisha asidi na besi, na wanafunzi wanavyoinamia madaftari.

"Mwenzangu, somo lako ndilo hili," akasema. "Bizari ya manjano ikikutana na besi, kama sabuni, huwa nyekundu. Asidi, kama ndimu, huirudisha. Watoto wameliona doa hili kwao, lakini wewe unawapa majina kwanza. Waache wakisie, wajaribu, wabishane. Jina lije mwisho."

Rispah aliona haya. Shahada anayo, na doa lilimshinda.

Jumatatu aliwaagiza wanafunzi vitu vya jikoni. Kesho yake walileta maji ya majivu, ukwaju na maziwa ya mgando. Yeye alileta vipande vya karatasi alivyochovya katika maji ya bizari na kuvianika. Aliwakataza kuonja chochote. Kabla ya kila tone, walikisia. Majivu yalizua ubishi mkubwa. Karatasi ilipogeuka nyekundu, ndipo akaandika ubaoni: besi.

Jumwa, ambaye hakuwahi kusema neno darasani, akainua mkono.

"Mwalimu, na machozi je?"

"Sijui," akajibu Rispah. "Tujaribu."

Darasa lilicheka. Naye alicheka mpaka macho yakalowa, akagusisha karatasi shavuni. Ilibaki njano.

Kemia ilipata wanafunzi wa kutosha, na Rispah hakuhamishwa. Siku hizi wanafunzi humsimamisha njiani, wakamuuliza kama maji ya dafu yatageuza karatasi, au sabuni ya unga. Yeye huwaambia walete, waone pamoja.